Pembe Huota Kwenye Samadi

Watalii wanaofika upande wetu wa Rusizi, Rwanda, hufuata sokwe wa Cyamudongo. Msitu wenyewe ni kipande kidogo kilichosalia juu ya vilima, kimetengana na msitu mkubwa wa Nyungwe kwa mashamba na makazi ya watu, lakini kisheria ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, ambayo mwaka 2023 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Sisi tuliokulia Nkungu, chini ya msitu huo, sokwe tuliwasikia mara chache na kuwaona mara chache zaidi. Mnyama wetu alikuwa mwingine: mweusi wa kung'aa, urefu wake kidole gumba cha mtu mzima, mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea nyuma. Na pa kumpata tulipajua. Alikaa katika lundo la samadi nyuma ya zizi la bibi yangu.

Bibi alipata ng'ombe kupitia Girinka, mpango wa serikali wa kuzipa familia maskini ng'ombe mmoja mmoja. Mpango huo ulianza mwaka 2006, mwaka ule ule mkoa wa Cyangugu ulipovunjwa tukaambiwa kwamba sasa sisi ni watu wa Wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi, ingawa wazee wetu hawajaacha kusema Cyangugu. Sharti kubwa la Girinka kila mtu alilijua: ndama jike wa kwanza si wako, ni wa jirani anayengoja zamu yake. Ng'ombe hachungwi ovyo vilimani. Anafungiwa zizini na kukatiwa majani. Kwa hiyo kila kinachotoka kwa ng'ombe kinabaki nyumbani. Kinyesi, majani makavu ya migomba aliyolalia, maganda ya maharage, maganda ya kahawa na majivu ya jikoni vyote viliishia kwenye lundo moja, na asubuhi za baridi ungeliona linafuka mvuke.

Kabla ya ng'ombe, wadudu wale wenye pembe walikuwa wageni wa msimu. Baada ya ng'ombe wakawa wenyeji.

Kwa Kinyarwanda tulimwita ikivumvuri. Kwa Kiswahili cha baba yangu, aliyefanya biashara kati ya Bugarama, Kamembe na Bukavu, alikuwa mbawakawa. Mvua za Septemba zilipoanza, jioni baada ya chakula, alikuja mwenyewe kwenye koroboi, akagonga ukuta, akaanguka chali na kuanza kupiga miguu hewani. Tulimwokota kwa kumshika kiunoni, maana miguu yake ina miiba inayoshika ngozi na haiachii kirahisi. Ukimbana alitoa sauti ya kukwaruza. Haitoki kinywani sauti ile. Ni ncha ya tumbo inayosuguliwa upande wa ndani wa yale magamba magumu ya mgongoni.

Tulimfunga uzi mguuni na kumwachia aruke. Hakupaa mara moja. Alisimama kwanza akatetemesha mwili hadi misuli ya mabawa ikapata joto. Kisha yale magamba mawili yaliinuka na kufunguka, na kutoka chini yake yakakunjuka mabawa laini ya rangi ya kahawia, marefu kuliko magamba yenyewe. Ndipo uzi ulipokaza. Mvumo wake uliwaudhi watu wazima, na kwa sababu hiyo ulitupendeza zaidi.

Mchezo mkubwa, hata hivyo, ulikuwa vita. Tulichukua madume wawili tukawaweka kwenye gogo la mgomba, uso kwa uso, tukawasukuma kwa kijiti. Mwenye dume lenye pembe ndefu aliheshimiwa wiki nzima. Aliweza kulibadilisha kwa parachichi mbili au kwa zamu ya kuendesha gurudumu. Mwenye dume lenye kibutu cha pembe alichekwa. Binamu yangu mmoja, ambaye bahati yake ilikuwa ya vibutu tu, alimfuga wa kwake ndani ya kopo la maziwa ya unga, akimlisha ndizi mbivu na kungoja pembe irefuke. Haikurefuka. Mdudu alikufa na pembe ile ile aliyotoka nayo ardhini.

Bibi alitutazama na kutikisa kichwa. "Mnapoteza muda kumtazama yule anayeruka," alisema. "Kazi yote imekwisha fanyika kule ndani." Akaonyesha lundo kwa kidole.

Alisema hivyo kama mkulima, kwa kuwa alijua wadudu wale walikuwa wanamsagia samadi. Miaka mingi baadaye, nilipokwenda kusoma biolojia, niliona kwamba maneno yake yangeweza kuandikwa ubaoni kama muhtasari wa somo zima.

Mdudu akishatoka na mabawa yake hakui tena. Hakuna mbawakawa mtoto mwenye mabawa. Mdogo unayemwona akiruka ni mtu mzima aliyekomea hapo. Ganda lake limekwisha kuwa gumu, na pembe ni sehemu ya ganda hilo hilo. Si mfupa wala jino, ni ganda lililochomoza, tupu ndani. Chochote atakachokula baada ya hapo kitampa nguvu ya kuishi na kuzaa, lakini hakitamwongezea hata unywele wa pembe. Ukubwa wake wote ulipangwa alipokuwa buu.

Na buu tulimfahamu vizuri. Kiangazi, mwezi wa Julai au Agosti, bibi alilipindua lundo ili samadi iwe tayari kwa kupanda. Yeye alitangulia na jembe, mimi nikafuata na kikapu. Kila pigo la jembe lilifukua mabuu wawili watatu, weupe wa maziwa, wanene, waliojikunja hadi kichwa kikaribie mkia. Mchukue mmoja umweke kiganjani. Ni baridi na mzito kuliko ulivyotarajia. Kichwa chake ni cha kahawia na kigumu, kina taya nyeusi ambazo zitajaribu kukung'ata, ingawa hazina sumu. Miguu sita imesongamana karibu na kichwa, midogo mno kwa mwili ule, naye akiwekwa juu ya ardhi tupu hawezi kwenda mbali. Pembeni mwa mwili kuna mstari wa vitundu vyekundu-kahawia. Ndivyo anavyovutia hewa. Na upande wa nyuma ngozi ni angavu kiasi kwamba unaona weusi wa kilicho ndani: chakula kinachochachuka.

Huko nyuma ndiko kiwandani. Utumbo wa buu umevimba ukawa pipa la vijidudu vinavyovunja nyuzi za mimea ambazo wanyama wengi hawawezi kuzimeng'enya. Ng'ombe ana vijidudu vyake tumboni, lakini havimalizi kila kitu. Kinachobaki kinatoka na kinyesi, na buu anapokea kazi pale ng'ombe alipoishia. Anakula, anajivua ngozi, anakula tena, anajivua tena. Hatua ya tatu ya ubuu ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo ya kunenepa. Kinachopita mwilini mwake kinatoka kikiwa vipande vidogo vilivyosagika, ambavyo shamba hupokea kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo bibi hakukubali niwamalize. Kuku walipata wachache, waliobaki nikaambiwa niwarudishe. "Hawa si wale wa shambani," alisema. Na kweli si wale. Wapo mabuu weupe wanaofanana nao kwa umbo, wanaoishi kwenye udongo katikati ya mizizi hai na kuila, wakanyausha maharage na viazi. Wakulima wengi huwachanganya na kuwaua wote kwa pamoja. Dalili rahisi ni mahali: anayekaa ndani ya samadi na magogo yaliyooza anakula kilichokwisha kufa. Wa kupigwa vita ni yule unayemkuta ukiwa umeng'oa mmea ulionyauka, na yeye yuko penye mzizi.

Sasa nirudi kwenye pembe, maana hapo ndipo kuna ajabu.

Buu akishiba kwa mara ya mwisho anaacha kula kabisa. Anajisafisha tumbo, anajizungusha mahali pamoja hadi atengeneze chumba chenye umbo la yai, kuta zake zimeshindiliwa kwa udongo na kinyesi chake mwenyewe. Humo anageuka pupa. Na ni katika siku hizo, wakati hali chochote, ndipo pembe inapojengwa. Akiba aliyonayo ndiyo hiyo hiyo; mwili unagawa kilichokusanywa miezi yote ya nyuma. Kama samadi ilikuwa nzuri na nafasi ilitosha, pembe itakuwa ndefu. Kama lundo lilikuwa kavu, dogo, au limejaa mabuu wanaogombania, pembe itakuwa kibutu, hata kama baba wa mdudu huyo alikuwa na pembe ya kutisha.

Ujenzi wenyewe watafiti wameuchunguza zaidi kwa mbawakawa wa Japani anayeitwa kabutomushi, ambaye pembe ya dume lake yaweza kufikia theluthi mbili ya urefu wa mwili. Mwaka 2017 watafiti wa huko walionyesha kwamba pembe haivutwi kidogo kidogo hadi irefuke. Chini ya ngozi ya kichwa cha buu hutengenezwa utando uliokunjwakunjwa, na umbo zima la pembe tayari limo ndani ya mikunjo hiyo. Buu anapojivua kuwa pupa, majimaji ya mwili yanasukumwa ndani, na pembe inafumuka yote kama belo la mitumba lililokatwa kamba. Baada ya hapo hakuna marekebisho.

Swali la nani huamua urefu lilipata jibu zuri mwaka 2012. Douglas Emlen, mtafiti wa Marekani aliyetumia maisha yake kwa wadudu wenye pembe, pamoja na wenzake walichapisha jaribio katika jarida la Science. Walipunguza uwezo wa mabuu wa kabutomushi kupokea ujumbe wa homoni za aina ya insulini, ambazo hupanda na kushuka kulingana na lishe. Viungo vya uzazi havikubadilika. Mabawa yalipungua kidogo sana. Pembe zikapungua kuliko vyote. Maana yake ni kwamba mwili wa mdudu unajua kupanga bajeti: vya lazima vinalindwa hata wakati wa njaa, na pembe inapewa kinachobaki. Ndiyo maana pembe haidanganyi. Dume dhaifu hawezi kujifanya ana pembe ndefu, kwa kuwa gharama yake hulipwa mapema na kwa chakula halisi.

Na pembe zenyewe ni za nini? Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu, alielekea kuziona kama mapambo ya madume. Waliokuja baadaye na kukaa usiku kucha porini wakaona kwamba ni silaha. Kabutomushi dume hulinda mahali penye utomvu kwenye shina la mti, kwa sababu majike huja kula hapo. Mpinzani akija, dume huingiza pembe chini ya mwili wa mwenzake, humng'oa kwenye gome na kumtupa chini. Lakini mapambano mengi hayafiki huko. Wanapimana kwanza, na aliyezidiwa sana kwa pembe huondoka mwenyewe.

Jambo hilo linanifanya niutazame upya mchezo wetu wa kwenye gogo. Madume wetu hawakuwa na ugomvi wowote. Pale hapakuwa na jike, utomvu wala shimo la kulinda. Palikuwa na watoto wenye vijiti. Mara nyingi walipeana mgongo, nasi tukakasirika tukiwaita waoga. Mdudu hupigania kitu, hapiganii watazamaji. Nimeona watu wazima, kazini na mitaani, wakigombanishwa na wenye vijiti kwa namna hiyo hiyo, na nimejifunza kuuliza kwanza: hapa kinagombaniwa nini? Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna kitu, kuna wanaotazama tu.

Na yule wa kibutu? Binamu yangu angefurahi kujua habari zake. Katika mbawakawa wadogo wa kinyesi wanaoitwa Onthophagus, jike huchimba shimo chini ya kinyesi na kuhifadhi humo chakula cha watoto wake. Dume lenye pembe husimama mlangoni kuzuia wengine. Nguvu zake si za kawaida: mwaka 2010 Rob Knell na Leigh Simmons walipima Onthophagus taurus, wakakuta dume anayeweza kukokota uzito mara 1,141 ya uzito wake mwenyewe. Dume lisilo na pembe halithubutu kupita mlango huo. Linachimba njia ya pembeni, linampita mlinzi chini kwa chini, na kumfikia jike wakati bingwa angali mlangoni. Huko Japani nako, Michael Siva-Jothy aliandika mwaka 1987 kwamba kabutomushi wadogo hufika mapema penye utomvu, kabla wakubwa hawajaja. Asiye na pembe hana haja ya kushinda vita asiyoiweza. Anabadilisha saa na njia.

Ukoo huu una vigogo wake. Katika misitu ya Amerika ya Kati na Kusini yuko mbawakawa Hercules, ambaye dume lake likipimwa pamoja na pembe laweza kufika sentimita 17. Katika misitu ya ikweta ya Afrika, Kongo ikiwemo, yuko Goliathus, mwenye kipembe kifupi chenye matawi mawili kichwani na sifa ya kuwa miongoni mwa wadudu wazito kuliko wote duniani. Lakini hata Goliathus uzito wake mkubwa ni wa ubuu: buu aliyekomaa aweza kufika gramu 100, na mdudu anayeruka ni mwepesi zaidi. Wanaomsifu kwa ukubwa wanaona mabaki tu ya ukubwa wenyewe.

Upande wa pili wa habari hii niliukuta pwani. Nilipokwenda Tanga na kutembea kwenye mashamba ya minazi, nilikuta huko ndugu wa mdudu wetu, Oryctes monoceros, akiitwa chonga, na hakuna aliyemtaja kwa tabasamu. Mzee mmoja alinionyesha mnazi ambao makuti yake yalikuwa na mapengo ya pembetatu, sawasawa kulia na kushoto, ungedhani fundi alipima. "Hapo alikula zamani, mwanangu," aliniambia. "Kuti lilikuwa halijafunguka." Chonga mkubwa huingia usiku penye kilele cha mnazi, hutoboa hadi kwenye makuti machanga yaliyofungamana, na kunyonya utomvu wake. Tundu moja hupita kwenye mikunjo mingi. Miezi baadaye kuti linapanda, linakunjuka, na jeraha la siku ile linaonekana kwa kila mtu. Akifika kwenye moyo wa mnazi, mti unakufa.

Mabuu wake, hata hivyo, hawagusi mnazi ulio hai. Wanaishi kwenye magogo ya minazi iliyoanguka na kwenye mbolea. Kwa hiyo dawa ya kwanza ambayo mabwana shamba wa pwani husisitiza haitoki dukani: ondoa magogo yanayooza shambani. Nyingine ni waya wenye ncha ya ndoana, unaopitishwa kwenye tundu kumvuta mdudu nje, kazi inayotaka mtu anayejua kupanda mnazi. Pia kuna maadui wake wa asili. Nyigu wa kundi la Scolia humfuata buu ndani ya mbolea, humchoma akapooza, na kutaga yai juu yake. Miaka ya 1940 nyigu wa namna hiyo walichukuliwa kutoka Zanzibar wakapelekwa visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ambako binamu wa chonga kutoka Asia, aliyeingia Samoa mwaka 1909, alikuwa akiangamiza minazi. Nyigu hawakumaliza tatizo. Kilichosaidia zaidi ni kirusi cha wadudu hao kilichogunduliwa Malaysia mwaka 1963 na kupelekwa Samoa mwaka 1967.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nkungu hatuna mashamba ya minazi, na buu wa samadi ni kibarua asiyedai ujira. Tanga mdudu wa ukoo huo huo ni mwizi. Tabia yake haijabadilika. Kilichobadilika ni kile tunachopanda karibu naye na kile tunachoacha kikioza. Mkulima anayehamisha ushauri kutoka mahali pamoja hadi pengine bila kuuliza kuhusu mambo hayo mawili atamuua rafiki au atamfuga adui.

Siku hizi nafundisha sayansi mjini Kamembe. Kila mwanzo wa mwaka naingia darasani nakuta watoto wa umri mmoja wenye vimo tofauti kabisa, na nasikia walimu na wazazi wakisema yale tuliyosema kwenye gogo: huyu ana akili, yule ni mzito, huyu ataenda mbali, yule ameumbwa hivyo. Huwa nawaleta mabuu darasani kwenye ndoo ya samadi. Wanafunzi hupiga kelele, kisha hutulia, kisha huuliza maswali mazuri kuliko yaliyo kitabuni. Swali linalorudi kila mwaka ni hili: mwalimu, aliyekosa chakula hawezi kufidia baadaye?

Mbawakawa hawezi. Mtoto wa binadamu ana nafasi kubwa zaidi, lakini si ya wakati wote. Nchini Rwanda utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014/15 ulikuta asilimia 38 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2019/20 ukakuta asilimia 33. Ilikuwa hatua, lakini wakati huo bado alikuwa mtoto mmoja katika kila watatu. Udumavu si ufupi wa kurithi. Ni rekodi ya chakula kilichokosekana na magonjwa ya tumbo yaliyojirudia, hasa tangu mimba hadi umri wa miaka miwili. Kampeni ya siku 1000 iliyozinduliwa nchini mwaka 2013 ilijengwa juu ya hesabu hiyo. Baada ya siku hizo ni vigumu kurudisha kimo kilichopotea, na ubongo nao hujengwa zaidi katika kipindi hicho hicho.

Najua hatari ya kumlinganisha mtoto na mdudu. Thamani ya mtu haipimwi kwa sentimita, na nimefundisha wafupi waliochimba njia zao za pembeni wakafika mbele ya wenye pembe. Lakini ujasiri wao usiwe kisingizio chetu. Mdudu hakuchagua lundo alilotagiwa, na hakuna mbawakawa mwingine anayeweza kumwongezea samadi. Sisi tunaweza. Bibi alilijua hilo bila kusoma popote. Samadi iliyosagwa na mabuu aliipeleka kwanza kwenye bustani ya jikoni, ile tunayoiita akarima k'igikoni, akapanda dodo (mchicha), karoti na vitunguu, ndipo ziada ikaenda kwenye migomba. Maziwa ya ng'ombe hayakuuzwa yote. Kikombe cha mjukuu mdogo kilitengwa kabla ya chupa ya sokoni. Na ndama jike alipokwenda kwa jirani, lundo jingine lilianza nyuma ya zizi jingine, na kikombe kingine kikapata maziwa.

Kwa hiyo, msomaji, nina maombi mawili. Ukipindua samadi yako kabla ya kupanda, wape kuku mabuu wachache ukipenda, lakini waliobaki warudishe wamalize kazi; ukiwa na minazi karibu, fanya kinyume chake, usiache gogo hata moja lioze shambani. Na ukimwona mtoto wa kwako au wa jirani ambaye hajafikisha miaka miwili na haongezeki uzito, usingoje akue ndipo useme ameumbwa hivyo. Kila kijiji cha Rwanda kina washauri wa afya, na kazi yao mojawapo ni kupima watoto na kuwaelekeza wazazi mahali pa kupata Shisha Kibondo, unga wa uji wa lishe. Mpeleke akapimwe mwezi huu.